Chapati ya Maji ya Yuro Tisa

Jumamosi moja ya Novemba nilituma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Sahani nyeupe, juu yake mkate mwembamba wa rangi ya udongo, umekunjwa kingo nne hadi ukawa mraba, na katikati pameachwa dirisha ambamo kiini cha yai kilikuwa kinachungulia. Kando yake bakuli la maziwa. Chini niliandika, "Chamcha, Rennes."

Majibu yalianza kabla sijashika uma.

Binamu yangu aliye Doha: "Hiyo si chapati ya maji hiyo?" Mjomba wangu: "Saa zote zile ndani ya ndege, kumbe ulikuwa unafuata chapati ya maji." Vikaragosi vya kucheka hadi machozi vikapangana kama siafu. Kisha likaja swali nililopaswa kulikimbia: bei gani? Nikajibu yuro 9. Binamu alipiga hesabu upesi kuliko benki. "Elfu moja mia tatu na ushei! Wallahi umeibiwa mchana kweupe."

Nami nilicheka nao. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Niliandika, "Nimeibiwa kweli," nikaweka kikaragosi changu, nikala, nikalipa, nikavaa koti. Nilipofika nusu ya njia, baridi ikinipiga masikioni, ndipo nilipojiuliza ni jambo gani nililolikubali pale mezani. Nilikuwa nimekubali, mbele ya ukoo mzima, kwamba chapati ya maji ni kitu ambacho mtu mwenye akili hawezi kukilipia. Na mwanamke aliyenisomesha kwa chapati za maji yumo ndani ya kundi lile. Anasoma kila kitu. Haandiki kamwe, lakini anasoma.

Kwa hiyo hili ni jibu langu kwa kundi, limechelewa, na halina vikaragosi.

Tuanze na chakula chenyewe, maana kabla ya kukidharau kitu ni adabu kukijua. Mgahawa ninaousema uko mtaani kwangu, nyuma ya stesheni ya treni ya Rennes, mji mkuu wa Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Meza kumi na moja. Hakuna kitambaa cha meza, kuna karatasi. Mafundi wa bomba hula hapo na buti zao, wazee wawili hugombana hapo kila Jumatano kuhusu timu ya Stade Rennais, na mtoto akimwaga kitu hakuna anayegeuka. Ukisikia "mgahawa wa Kifaransa" ukafikiria mishumaa na mhudumu mwenye tai, basi umekosea mlango. Hiki ni kibanda cha mtaa chenye paa zuri.

Mkate ule unaitwa galeti. Krepu ni ile ya unga wa ngano, laini, ya sukari na siagi, inayokuja mwishoni. Galeti ni ya chumvi, nayo hupikwa kwa unga wa mmea ambao Wafaransa huuita ngano nyeusi, ingawa si ngano hata kidogo. Hauko katika ukoo wa ngano wala wa mtama. Jina lake jingine ni sarrasin, neno lilelile ambalo watu wa Ulaya ya zamani waliwaitia Waislamu. Siku niliyolijua hilo nilifurahi peke yangu mezani: mimi, Mwislamu wa pwani, nimekaa Bretagne nikila mkate uliopewa jina langu, katika mgahawa ambao chakula chake mashuhuri kuliko vyote hujazwa paja la nguruwe. Mimi huagiza ya yai, jibini na uyoga. Siku ya kwanza niliuliza chuma kinapakwa mafuta gani. Mwenye mgahawa, mama wa makamo ambaye kila mtu humwita Madame, hakukasirika. Alisema bibi yake alipaka mafuta ya nguruwe, yeye anapaka ya alizeti kwa sababu ni rahisi kupatikana, na kwamba nikitaka nije jikoni nione chupa. Nikaenda nikaiona.

Ndipo nilipoona na namna ya kupika. Chuma cha duara, cheusi, kizito, upana wake karibu mkono mzima wa mtoto. Hukiita bilig. Uji wa unga, maji na chumvi ya mawe umelala tangu jana yake. Anachota upawa mmoja, anamwaga, na kabla uji haujashika anauzungusha kwa kijiti chenye umbo la herufi T, mara moja, mkono ukitoka begani wala si kwenye kifundo. Uso wa mkate unatoboka vitundu elfu. Anapaka siagi ya chumvi (Bretagne siagi isiyo na chumvi ni karibu na tusi; enzi za wafalme jimbo hili lilisamehewa ile kodi nzito ya chumvi iliyowalemea Wafaransa wengine, na ulimi haukusahau). Anavunja yai. Anakunja. Dakika tatu hazijaisha.

Nililetewa na kinywaji. Wenyeji hunywa pombe ya matufaha katika vikombe vya udongo. Mimi nilipouliza kuna nini kingine, Madame akaniletea bakuli la maziwa yaliyochachuka, mazito, baridi, yenye ukali unaokwaruza kooni. Huko huyaita lait ribot. Nilipiga funda moja nikaweka bakuli chini. Yalikuwa mtindi. Chapati ya maji na mtindi, nyuma ya stesheni ya Rennes, na mvua nje.

Sasa binamu yangu atasema, "Ndiyo maana nakwambia umeibiwa! Ni vitu vyetu vilevile!"

Nami namuuliza: vikiwa vyetu vilevile, mbona hiyo ni sababu ya kuvifanya viwe rahisi?

Hapo ndipo penye ugonjwa. Hatukusema "yuro 9 ni pesa nyingi," neno ambalo ningelielewa, kwa kuwa ni pesa nyingi. Tulisema "yuro 9 kwa *chapati ya maji*." Kama ungekuwa mkate tusioujua, wenye jina gumu, mjomba angeuliza una ladha gani. Uligeuka kuwa wizi pale ulipofanana na kitu ambacho mama zetu wanaweza kukipika. Hesabu ya binamu ilikuwa sahihi kwa shilingi na imepotoka kwa mtu.

Na ushahidi ninao. Binamu huyohuyo, alipokuja likizo Kenya mwaka uliopita, alituma picha kutoka mgahawa mmoja ndani ya jumba la maduka. Krepu ya Nutella na ndizi, imenyunyiziwa sukari ya unga, uma umewekwa kwa mshazari ili uonekane. Bei ilikaribia hiyohiyo ya kwangu. Nani alisema ameibiwa? Tulimwekea mioyo. Unga mweupe, yai, maziwa, ndizi: mama yangu alikuwa na vyote hivyo. Alichokikosa ni kiyoyozi na menyu isiyoandikwa kwa Kiswahili.

Mama aliuza chapati za maji kwa miaka 16, kwenye pembe ya kituo cha matatu katika mji wetu wa pwani. Sitautaja mji wala mtaa, wapo watu wanaoishi pale. Aliamka saa tisa na nusu usiku. Alikoroga beseni mbili: moja ya chumvi na kitunguu kilichokatwakatwa, moja ya sukari na hiliki. Seredani mbili za makaa, chuma kimoja cha chapati na kikaango kimoja kilichopinda, upawa ambao mgongo wake ulikuwa umelika upande mmoja kwa kusambaza uji. Saa kumi na moja na nusu wateja wa kwanza walikuwa wamefika: madereva, makanga, mafundi wa ujenzi, walinzi wanaotoka zamu. Chapati moja shilingi 5.

Sikumbuki siku hata moja ambayo hakuna aliyeomba apunguziwe. "Mama, nne kwa kumi na tano." "Mama, nyongeza." "Mama, andika, Ijumaa nitalipa." Alikuwa na daftari la madeni la kurasa 96, na mengi ya yale madeni yalizikwa mle. Watu wale hawakuwa wabaya. Walikuwa watu wa mshahara mdogo, nami siwalaumu wao kwa shilingi zao. Ninayemlaumu ni yule bwana wa gari, ambaye namkumbuka vizuri, aliyeshusha kioo akanunua sita, akabishania shilingi 5 hadi akapewa saba, akaondoka akisema kwa ucheshi, "Si maji na unga tu, mama!"

Maji na unga tu. Kana kwamba daktari ni maneno na karatasi tu. Kana kwamba makaa hayanunuliwi, macho hayawashwi na moshi, magoti hayana umri. Mara kwa mara askari wa kanjo walikuja, na beseni la uji likamwagwa mtaroni, na chuma kikapandishwa garini, na mama akaenda kukikomboa. Jioni ya siku kama hiyo hakulalamika. Alisema, "Kesho tutaazima cha jirani." Sijawahi kusikia gari la kanjo limekwenda kubeba chuma cha krepu kutoka jumba la maduka.

Lakini nisijifanye malaika, maana mdharau mkubwa kuliko wote alikuwa nyumbani mwake.

Nilipofika darasa la sita, mjomba yule aliyenicheka juzi alinilipia karo ya shule ya binafsi. Njia ya shule ilipita palepale kituoni. Siku ya kwanza nilipita na wenzangu watatu, sare mpya, soksi zimevutwa. Mama alikuwa ameinama juu ya seredani. Aliinua kichwa akanitazama. Nikasema, "Shikamoo, Mama," kwa sauti ya mtoto yeyote anayemwamkia mama yeyote, nikaendelea kutembea. Naye akajibu, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya mama yeyote anayemjibu mtoto yeyote. Alielewa upesi kuliko nilivyodhani mtu anaweza kuelewa. Alinisaidia kumkana. Tuliigiza mchezo huo miaka miwili, kila asubuhi, na jioni hakuna aliyeutaja.

Katika shule hiyo kulikuwa na kipande cha mbao chenye kamba, tukikiita diski. Ukikamatwa ukizungumza Kiswahili siku ya Kiingereza, unavikwa shingoni. Unaivaa hadi umkamate mwenzio, umvishe yeye. Anayekutwa nayo mwisho wa siku anachapwa. Wakenya wengi wanajua ninachokisema. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika juu ya adhabu za aina hiyo katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind. Mimi nilikuwa hodari wa kuikwepa diski. Nilijifunza kuwinda. Nilikuwa nasimama karibu na vyoo, mahali ambapo watoto husahau.

Nimeileta diski hapa kwa sababu ya Madame.

Yeye si mtu wa Rennes. Anatoka Finistère, ncha ya magharibi kabisa ya Bretagne, ambako ngano nyeusi hupikwa nyembamba zaidi na ikakauka hadi ikavunjika kwa mlio. Hula galeti nene na laini za Rennes kwa heshima ya mgeni, lakini hazisifu. Siku moja ya mvua mgahawa ulikuwa mtupu, akanieleza maneno yaliyochorwa ukutani nyuma ya kaunta. Ni Kibretoni, lugha ambayo ni jamaa wa lugha ya Wales kuliko ya Kifaransa. Moja lilikuwa krampouezh, yaani krepu. Jingine degemer mat, yaani karibu. Nikamwuliza kama anaizungumza. Akasema hapana. Bibi yake alizaliwa nayo na hakujua nyingine hadi alipoanza shule. Huko shuleni, akasema, mtoto aliyekamatwa akizungumza Kibretoni alivikwa shingoni kitu, kiatu cha mbao au kipande cha ubao, akakivaa hadi amkamate mwenzake.

Niliweka uma chini. Nikamalizia mimi: na anayekutwa nacho mwisho wa siku anaadhibiwa.

Madame akaniangalia kwa muda. "Umesoma wapi haya?" Nikamwambia sikuyasoma.

Walikiita "alama," au mahali pengine "ng'ombe". Kilitumika katika shule za Bretagne katika karne ya 19 na kuingia ya 20. Watoto waliokua wakiwinda wenzao walipozaa hawakuwasemesha watoto wao lugha ile. Ndivyo lugha iliyokuwa na wasemaji wapatao milioni moja mwanzoni mwa karne iliyopita ilivyofika leo kwenye orodha ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini sana. Bibi yake Madame, uzeeni, alikuwa akizungumza Kibretoni na jirani mmoja, na jirani alipofariki alibaki akikizungumza na kuku.

Na chakula chao kilichekwa pamoja na ulimi wao. Ngano nyeusi ilikuwa chakula cha maskini kwa sababu hustahimili udongo mbaya wenye asidi na huvunwa baada ya siku 100 hivi. Ilikuwa kwa Wabretoni kama muhogo ulivyokuwa kwetu: kitu unachokula usipokuwa na kitu. Krepu za ngano nyeupe zilikuwa za sikukuu. Reli ya kutoka Paris ilipofika Brest mwaka 1865, Wabretoni wakaanza kumiminika Paris kutafuta kazi, wasichana wakawa mayaya na vijakazi, wavulana wakawa vibarua. Walishukia stesheni ya Montparnasse na wengi wakakaa palepale, ndiyo maana hadi leo mitaa inayoizunguka imejaa migahawa ya galeti. Paris iliwacheka. Mwaka 1905 jarida la wasichana lilianzisha hadithi za picha za kijakazi Mbretoni aitwaye Bécassine, mwema na mpumbavu, na mara nyingi sana wachoraji hawakumchora mdomo. Fikiria hilo, msomaji. Mtu anayekupikia na kukulelea mtoto, hana mdomo. Mwaka 1939 Wabretoni kadhaa waliingia katika jumba la sanamu za nta la Grévin mjini Paris wakaivunjilia mbali sanamu yake. Mimi si mtu wa kuvunja vitu, lakini nimejaribu kuwachukia kwa kitendo hicho nikashindwa.

Kwa hiyo ninapolipa yuro 9 silipii ustaarabu wa Ufaransa, kama mjomba anavyodhani. Ninalipia mkate wa watu ambao Ufaransa yenyewe iliwacheka. Chakula hiki hakikuja na bei yake kutoka mbinguni. Kuna watu waliokataa kukiona haya, wakakipika mbele za watu, wakakitoza bei inayomlipa mpishi, wakafungua hata vyuo vya kufundisha kazi ya kukipika. Leo mwana wa profesa na mwana wa dereva wa lori husimama foleni moja katika soko la Lices, Jumamosi asubuhi, kila mmoja akisubiri galeti baridi iliyoviringishiwa soseji, bila sahani wala uma. Hayupo anayesema ni maji na unga tu. Na viungo ni maji na unga tu!

Najua nitakavyojibiwa, maana nimejibiwa tayari. Kwamba Madame ana kodi ya pango, umeme, bima, mfanyakazi. Ndiyo, na mama alikuwa na karo, makaa, kikombozi cha chuma na mimi. Kwamba mteja wa kituoni hawezi kulipa elfu. Sijasema alipe elfu. Nimesema yule bwana wa gari alipe thelathini bila hotuba. Kwamba chapati yenyewe ilitoka India, kwa hiyo ni fahari gani hii ya kupigania. Ngano nyeusi nayo ilitoka Asia, na kwa miaka mingi Bretagne imekuwa ikinunua nyingi kutoka nje, kama sisi Kenya tunavyoagiza sehemu kubwa ya ngano yetu. Chakula ni cha anayekiamkia saa tisa na nusu usiku.

Liko jibu moja tu linalonisumbua kweli, nalo sikulipewa na mtu, nimejipa mwenyewe nikitazama ukuta ule. Wabretoni waliokoa mkate, lugha ikawaponyoka. Krampouezh limechorwa kwa rangi nzuri ya buluu na mwenye nyumba hawezi kuliweka ndani ya sentensi. Yuro zangu 9 hazikurudisha hilo. Naogopa siku ambayo mtaa wetu wa pwani utakuwa na mgahawa wa chapati za maji wenye taa za kuning'inia, neno "Karibu" ukutani, bei ya elfu, na binamu yangu akipiga picha, wakati mwanamke wa kituoni amefukuzwa ili gari lake lipate pa kuegeshwa. Siku hiyo tutasema tumeheshimu utamaduni. Ikifika, nitakuwa nimeandika makala haya bure.

Sasa nirudi kwa mama, kwa sababu kundi zima lilicheka na yeye hakucheka.

Usiku wa siku ile ya picha aliniletea ujumbe wa sauti, si kundini, kwangu peke yangu. Nilidhani atanilaumu kwa ile "nimeibiwa kweli". Hakuigusa. Alisema, "Nimeona chakula chako, mwanangu. Kizuri. Na huyo anayekipika, anakaa au anasimama?"

Katika watu ishirini na saba wa kundi lile, waliouliza bei ni wengi. Aliyeuliza juu ya mpishi ni mmoja.

Nikamwambia anasimama, lakini chuma kiko juu, kimemfika kiunoni, hainami.

Akanyamaza hadi asubuhi. Kisha: "Na moshi?"

Nikamwambia ni gesi, na juu kuna feni inayovuta mvuke nje.

"Alhamdulillahi," akasema, kama vile Madame ni dada yake aliyepona. Halafu: "Muulize chuma chake anakijuaje kimeshika moto."

Jumatano nilikwenda. Wazee walikuwa wakigombana kuhusu kipa. Nilimweleza Madame, kwa Kifaransa changu cha kuungaunga, kwamba mama yangu amefanya kazi hii miaka 16 kwa makaa, na ana swali. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, katika lugha yoyote, kumwambia mtu asiye wa nyumbani kazi ya mama yangu. Madame alijifuta mikono. Hakujibu kwa maneno. Alinipungia mkono niingie nyuma ya kaunta, akachovya vidole kwenye uji, akadondosha tone moja juu ya chuma. Nikairekodi ile sauti kwa simu, tsss moja ndefu, nikaituma.

Mama alikuwa macho. Jibu lilirudi kabla tone halijakauka, nami nikalifungulia kipaza sauti ili Madame amsikie, ingawa hangeelewa.

"Mwambie asubiri," mama alisema. "Huo bado haujakolea."

Nilitafsiri. Madame aliinama, akautazama moto chini ya chuma, akauongeza.